Uliniambia Mimi au Cherehani?

Binti wa fundi cherehani alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa amechoka. Masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu tangu alipougua utotoni. Sasa alivaa vifaa vya kusikia, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Yamekwisha wapi!

Mama yake alishona sebuleni, ameinama, pini zimebanwa midomoni, cherehani inanguruma. Hapo ndipo alipopenda kutoa maagizo.

"Unasemaje, mama?"

"Basi, si kitu."

Si kitu! Neno hilo lilimchosha binti kuliko uziwi wenyewe.

Siku moja alirudi kutoka shule, akakuta kitanda chake kimewekwa sebuleni, ubavuni mwa cherehani.

"Shangazi yako anahamia kwetu," mama alisema. "Atalala chumbani mwako. Si nilikuambia juzi?"

"Uliniambia mimi au uliiambia cherehani?"

Mama akapiga kelele. Binti akavua vifaa vyake, akavibwaga mezani. "Sivivai tena! Vya nini?"

Mteja mmoja, mwalimu wa viziwi, alikuwa akisubiri gauni lake. Hakuweza kunyamaza.

"Samahani, fundi. Vifaa hivi vinakuza kila sauti, hata ya cherehani. Na mtoto anasoma midomo yako pia. Ataisomaje ikiwa imejaa pini?"

"Kwa hiyo nipaze sauti zaidi?"

"Hapana! Kelele zinamuumiza. Simamisha cherehani. Mguse bega, mtazame, sema kawaida. Asipoelewa, tumia maneno mengine. Na mkijifunza lugha ya ishara nyumba nzima, itakuwa bora zaidi."

Mama akatema pini kiganjani. Akamgusa binti bega, akasubiri avae vifaa.

"Shangazi yako anaumwa," alisema taratibu, wakitazamana. "Anahitaji chumba."

"Kaka naye ana chumba. Kwa nini changu?"

Mama akaanza kujitetea. Kumbe familia iliamua bila kumuuliza binti. Wakabishana hadi gauni la mwalimu likasahaulika, na binti hakupitwa na neno hata moja.

Shangazi alipofika, alipewa chumba cha kaka. Kaka akahamia sebuleni, akinung'unika asubuhi na jioni kuhusu ngurumo za cherehani. Binti alivaa vifaa vyake, akakaa karibu, akayasikiliza manung'uniko yote.