Kidoko Mezani kwa Stefania

Haya yalimpata dada yangu Stefania, na mpaka leo sijui niyaite uchawi au nini.

Tulikuwa tukiunganisha visanduku vya umeme wa jua kwenye karakana moja pale Lindi, meza zetu zikitazamana. Kazi yenyewe ni ya masikio. Ukisukuma plagi ikaingia sawasawa, inalia "tik". Maikrofoni ya mezani ikisikia, inawaka taa ya kijani, nawe unaendelea.

Siku moja mvua ikapiga bati, maikrofoni ikawa kama kiziwi. Plagi nazo zilikuwa ngumu, vidole vimemchubuka dada. Akasonya, akaisogelea maikrofoni na kupiga kidoko kwa ulimi. Tik. Kijani! Tulicheka mpaka machozi. Kutwa nzima akawa anapachika plagi nusunusu na kupiga kidoko. Visanduku hivyo vikapakiwa kwenda kijiji cha Likawage.

Baadaye tukasikia nyumba ya makuti ya Bi Mwanasha wa Likawage imeungua, naye akiwa ndani. Moto ulianzia kwenye kisanduku.

"Dada, mwambie Fundi Severini," nilimnong'oneza, nikimtaja msimamizi wetu. "Vingine bado viko kwa watu."

"Atanifukuza, mdogo wangu. Wanangu watakula nini?"

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa linawaka. Karakana kimya. Stefania alikuwa hajagusa kitu.

Tik.

Taa yake ikawaka kijani. Nilimtazama mdomo. Alikuwa ameufumba.

Tik.

Ilitoka chini ya meza. Niliinama. Hapakuwa na mtu. Palinuka makuti yaliyoungua.

Ikawa hivyo kila siku. Dada hakula, hakulala, akakonda kwa hatia. Mwishowe alimpigia magoti fundi na kusema yote huku analia.

Gari lilikwenda Likawage likarudi na visanduku vilivyobaki. Stika zetu za kufungia zilikuwa hazijabanduliwa hata moja. Fundi akavifungua mbele yetu. Stefania alijifunika uso.

"Mbona viko sawa?" fundi aliuliza, sauti imemshuka. "Plagi zote zimeingia mpaka mwisho."

Nikasogea. Kwenye kila plagi palikuwa na alama ya kidole gumba. Ya masizi.

"Bi Mwanasha kanimalizia kazi yangu," Stefania alinong'ona. "Na mimi ndiye niliyemuua."

Alizisugua alama zile kwa spiriti, akazisugua kwa petroli. Hazijatoka mpaka leo.