Macho ya Milembe

Hebu fumba macho kidogo, uione studio ya picha pale Bariadi mjini, karibu na stendi. Ni mchana, na bati linaunguza. Ndani kuna pazia lililochorwa ndege inayopaa, na mbele ya pazia kuna kigoda. Juu ya kigoda hakuna mtu. Mezani kuna kamera ndogo, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Mwenye studio, Mayige, anakula ugali wake huku ameligeuzia pazia mgongo.

Kisha taa ya kamera ikawaka yenyewe.

Mayige alinawa mkono, akaiinua. Kwenye kioo chake aliona pazia, ndege na kigoda. Juu ya kigoda kulikuwa na uzi wa moshi. Akageuka kukitazama kigoda chenyewe. Hapakuwa na moshi, ila harufu ilikuwapo: harufu ya samadi kavu inayoungua.

"Mama, umewasha samadi?" aliuliza kupitia mlango wa nyuma.

"Samadi hapa mjini?" Mama yake, Wilhelmina, alicheka. "Ng'ombe uliyeniletea yuko wapi?"

Mayige hakucheka. Harufu ile aliijua. Aliisikia mara ya mwisho kule Nkololo, ndani ya nyumba ya mama mmoja aliyeitwa Milembe, na Milembe alikuwa amekwishazikwa.

Turudi nyuma kidogo, ili tuelewane. Ilikuwa miaka ile ambayo makampuni ya watu binafsi yalikuwa yakigombania pamba ya wakulima, na simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kushika mjini. Keneth, mfanyabiashara wa Mwanza, alimkabidhi Mayige kamera ile aijaribu. "Itumie kila siku," alimwambia, "harusini, mnadani, popote. Halafu uniambie kama inafaa kazi."

Mayige aliipenda tangu siku ya kwanza. Ilikaa kwenye mfuko wa shati. Haikuhitaji mkanda, wala hakulazimika tena kusafiri hadi Mwanza kusafisha picha ndipo agundue kwamba bwana harusi alifumba macho. Mtu alipigwa picha na kujiona hapo hapo. Mayige akaandika kwa rangi kwenye kibao cha studio: KAMERA MPYA. HAIDANGANYI.

Lakini ilikuwa na kasoro moja. Kwenye chumba chenye giza, taa yake ilipowaka, macho ya watu yalitoka mekundu kama makaa. Yalitoka hivyo kwa mama yake, kwa maharusi, hata kwa katekista. Kila ilipotokea, Mayige alibonyeza kitufe, akaifuta picha kabla mteja hajaiona, kisha akasema, "Twende nje, kuna mwanga mzuri." Hakumwambia mtu.

Siku moja Maganga wa Nkololo alimwita akapige picha za ukoo. Maganga alikuwa mpwa wa marehemu mume wa Milembe, na alilitaka shamba ambalo mjane huyo alikataa kuliachia. Nawe huenda umesikia jinsi watu wa kule walivyowatazama wazee wa kike wenye macho mekundu. Waliwaita wachawi, ilhali kuni zilikuwa adimu na akina mama walipika kwa samadi na mabua ya pamba maisha yao yote.

"Mwadila, mayu," Mayige alimwamkia Milembe kwa Kisukuma, kwa heshima, akampiga picha akiwa amekaa gizani kando ya mafiga yake. Macho yakatoka mekundu.

Kabla hajaifuta picha, Maganga aliinyakua kamera, akatoka nayo nje kwenye watu aliowakusanya. "Tazameni wenyewe! Nilisema nini mimi?"

"Ni moshi tu, wanangu," alisema Milembe. Alipoonyeshwa kile kioo alikitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Mayige. "Haya si macho yangu. Mpiga picha, waambie."

"Ehe, Mayige," Maganga alisema. "Kamera yako inadanganya?"

Watu wote walimtazama. Mayige aliwaza kibao chake, akawaza wateja.

"Haidanganyi," alisema.

Kabla mwezi haujaandama, watu wasiojulikana walivunja mlango wa Milembe. Majirani walimkuta amekufa kando ya mafiga.

Sasa moshi ulikuwa umefika studio. Kwenye picha zilizofuata ulinenepa, ukapata mabega, ukajifunga khanga. Bibi harusi mmoja alijiona kwenye kioo akiwa na mama mzee nyuma yake, akaacha shela pale pale na kukimbia. Mayige alitoa betri, akaiweka kabatini. Taa iliendelea kuwaka ndani ya kabati, na jua lilipozama alisikia sauti ya pumzi kavu ikisema: "Waambie."

Aliitoa kamera kabatini, akamwita mganga Salu. Salu alinyunyiza dawa kwenye kigoda, akatikisa manyanga. Kamera ikammulika usoni. Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

"Huyu hatoki kwa dawa!" alipiga kelele akiwa barabarani. "Ana neno lake analidai! Mpeni!"

"Basi njoo uchukue kiatu chako," alisema Wilhelmina.

"Kaa nacho, mama!"

Wilhelmina alikuwa bado anacheka alipoinama kukiokota, na taa ya kamera ikamwakia machoni. Alijifikicha. Alipoinua uso, Mayige alimkimbilia na maji anawe. Macho ya mama yake, meupe siku zote, yalikuwa mekundu kabisa, na hata baada ya kunawa hayakurudi.

Habari ikatembea. Kesho yake bombani, wanawake walisogeza ndoo zao mbali na ndoo ya Wilhelmina. Jioni Maganga alisimama mlangoni mwa studio, akachungulia ndani.

"Kumbe hata kwako mchawi yumo," alisema taratibu. "Pole, ndugu yangu. Wazee watakuja tuzungumze."

Mayige alijua mazungumzo hayo huishia wapi.

Maganga alipoondoka, Wilhelmina alimwita mwanawe, akanong'ona, "Yule mama alikuambia nini?"

"Alisema niwaambie."

"Nawe ukawaambia nini?"

Mayige alimwonyesha kibao chake.

"Basi toa baiskeli," alisema mama yake. "Kabla hawajanifuata, tuwafuate."

Waliondoka alfajiri, Wilhelmina kwenye keria, khanga imemfunika uso. Kule Nkololo watu walikuwa wamejaa ghalani, wakisubiri kupima pamba. Mle ndani mlikuwa na giza hata mchana. Mayige alipanda juu ya robota la pamba, akasema kwa sauti:

"Jamani, nilidanganya. Kamera hii humfanya kila mtu awe na macho mekundu gizani. Niliona, nikafuta. Milembe alisema kweli."

"Anamwokoa mama yake!" alisema Maganga. "Thibitisha!"

Mayige alimpiga picha mpima pamba. Macho yalitoka meusi, safi. Akampiga mama mmoja; safi. Akawapiga kijana, mzee, karani, na kila picha ilitoka na macho meusi kama mbegu za ubuyu. Watu walianza kumtazama Wilhelmina.

"Mnaona?" Maganga alikuja mbele, akakunja mikono kifuani. "Haidanganyi. Hata mwenyewe alisema. Nipige na mimi."

Taa ikawaka, na safari hii haikuzimika upesi kama siku zote bali ilikaa, ikaupaka uso wa Maganga weupe wa mfupa, na katika weupe ule kila aliyekuwa ghalani aliona nyuma yake mama mzee amekaa kwenye kigoda, khanga yake imefungwa vizuri, macho yake meupe na matulivu kama ya mtoto aliyetoka kuamka, mkono wake mmoja umelala begani kwa Maganga, na moshi wa samadi ukitoka katikati ya vidole vyake na kumwingia Maganga machoni, taratibu, bila haraka, mpaka machozi yakamtiririka na macho yakaiva kama makaa yanayopulizwa.

"Ni moshi!" Maganga alilia. "Ni moshi tu, jamani!"

Mtu mmoja nyuma alishika fimbo. Mwingine akainama kuokota jiwe.

"Hapana!" Mayige aliruka chini, akasimama mbele ya Maganga. "Hata Milembe alisema hivyo hivyo!"

Hapo kamera ilizunguka mkononi mwake, akashindwa kuizuia, ikawamulika wote mmoja mmoja, mwenye fimbo, mwenye jiwe, mpima pamba, hata Mayige mwenyewe, na moshi ukalijaza ghala, na uliposhuka kila mtu alimtazama jirani yake akaona macho mekundu, na yule jirani akaona yake. Sauti kavu ikauliza kutoka ndani ya kile kidude kidogo:

"Haya. Mchawi ni yupi?"

Fimbo ilianguka. Jiwe likafuata.

Macho ya Wilhelmina yalisafika kabla hawajafika nyumbani. Ya wale wengine yalichukua muda mrefu zaidi. Ya Maganga hayakusafika. Alihamia kwenye nyumba ya Milembe, na huko mafiga hufuka moshi yenyewe kila siku, ingawa hakuna anayeyawasha. Maganga hutoka nje amepofuka kwa machozi, akipapasa mipaka ya shamba asiloweza kuliona.

Mayige alikifuta kibao chake kwa rangi nyeupe, akairudisha kamera Mwanza.

"Inafaa kazi?" aliuliza Keneth.

"Nyepesi, haraka, betri yake haiishi upesi. Inafaa," alisema Mayige. "Ila inadanganya. Kila utakayemwuzia, mwambie."

Keneth alicheka, akaiuza wiki ile ile. Hakumwambia mnunuzi. Asubuhi iliyofuata mke wa Keneth alimwuliza mumewe nani amechoma samadi chumbani.

Nawe, mwenzangu, usilale ukiogopa kamera. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukikutana na bibi mwenye macho mekundu, mwamkie kwa heshima. Uji uliokukuza ulipikwa na mtu, na moshi wake uliingia machoni mwake.