Vikombe Vinane vya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kifungo alifua shuka la baba yake. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, fundi cherehani, kwa kuwa alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati. Leo alilisugua kwa hasira hadi vidole vikamwuma.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu madaktari waondoe kibofu cha baba kilichokuwa na saratani, wakamtengenezea kingine kwa kipande cha utumbo wake. Kibofu hicho kipya kikijaa, hakisemi. Baba alipaswa kwenda msalani kwa kufuata saa, na kunywa vikombe vinane vya maji kila siku. Kifungo ndiye aliyeviandika kwenye daftari la kliniki.

"Baba, leo umekunywa viwili tu."

"Andika vinane."

"Lakini baba..."

"Wee mtoto! Nikinywa ninalowa. Unataka wateja wanicheke? Andika!"

Akaandika. Jana vinane, juzi vinane. Shuka likazidi kunuka.

Siku ya kliniki baba alikuwa na homa. Muuguzi alifunua daftari, akaguna.

"Vinane kila siku, hakipungui hata kimoja? Mbona mkojo mzito hivi, umejaa ute?"

Baba akaangalia dari. Kifungo akalitazama daftari. Akinyamaza, baba atazidi kuumwa, akisema, atamwaibisha.

"Ni uongo, nesi," alisema huku akilia. "Hanywi! Nimechoka kuandika uongo, nimechoka na mashuka!"

"Umeniumbua, Kifungo," baba alinong'ona.

"Mwache," muuguzi akasema. "Fundi, mteja akikupa vipimo vya uongo, utamshonea suruali gani?"

Baba akainama. "Itakayombana."

"Basi. Utumbo hutoa ute, na maji ndiyo huusafisha. Usipokunywa, uchafu unabaki ndani, homa inakuja. Wengi huacha kulowa mchana baada ya miezi ya mazoezi. Usiku huchelewa, na wapo wanaobaki na nepi. Si aibu. Wako hai, wanafanya kazi zao."

Akampa dawa na daftari jipya.

Wiki mbili baadaye, saa ya kwenda msalani ililia baba akimpima mteja gauni. Akaning'iniza futi ya kupimia shingoni.

"Subiri kidogo, mama. Bosi wangu ananiita."

Shuka bado lililowa baadhi ya siku, lakini sasa baba alilifua mwenyewe. Jioni Kifungo alishika kalamu.

"Vingapi, baba?"

"Sita. Andika sita, mwanangu. Mungu akipenda, kesho nitaongeza. Daftari la uongo halimponyi mtu."