Waya wa Mikunjo Mitatu

Jua lilikuwa linazama pale shemeji yake fundi, mjane wa mdogo wake, alipoingia uani akiisukuma mashine ya kukatia nyasi, gurudumu moja likilia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani.

"Ofisi wamenipa," alisema. "Na barua juu."

Fundi aliisoma. Kwa masikitiko makubwa, ofisi ilimkabidhi mjane mashine ile ile iliyomuua mumewe, "katika hali iliyopo", iwe kifuta machozi. Nakala zilikwenda idara nne. Alibaki marehemu tu kutumiwa yake.

"Nitengenezee, shemeji. Nikate nyasi za watu, wanangu wale."

Akaingia jikoni kubandika chai.

Fundi aliijua mashine hiyo; ndiye aliyekuwa akiitengeneza hapo ofisini, na mdogo wake akiikatia nyasi. Miezi mitano nyuma, kebo ya breki ilikatika, ile inayosimamisha panga ukiachia mpini. Kebo mpya ilitaka fomu yenye sahihi tatu, na mwenye sahihi ya pili alikuwa likizo. Mkubwa naye alikuwa njiani kuja kukagua bustani. Basi fundi akaufunga mkono wa breki, kando ya injini, kwa waya ili mashine iwake bila kebo: mikunjo mitatu, ncha imelazwa ndani isimchome mdogo wake.

"Kaka, umefunga vizuri?"

"Vizuri."

Mdogo wake akateleza kwenye mteremko, akaachia mpini. Panga halikuachia.

Kabla wakaguzi hawajafika, fundi aliukata waya, akautupa chooni. Ripoti ikaandika: "Uzembe wa marehemu." Akatia sahihi kama shahidi. Hapo sahihi moja ilitosha.

Sasa alimwaga petroli yote. Akafungua plagi, akaiweka sakafuni. Akavuta kamba, asafishe silinda tu.

Mashine ikawaka.

Bila plagi. Bila tone la petroli... Uani kukajaa harufu ya nyasi mbichi, na ilikuwa kiangazi, mtaa mzima hauna jani bichi. Chini ya harufu hiyo, nyingine... nzito, kama ya chuma kilicholowa.

Akatazama mkono wa breki.

Waya. Mikunjo mitatu. Ncha imelazwa ndani.

Akashika koleo, akakata. Akatazama. Mitatu. Akakata tena...

Mitatu.

"Kaka..." Sauti ilitokea kwenye ekzosi, ya chini, ya upole. "Umefunga vizuri?"

"Shemeji!" Mjane alisimama mlangoni na kikombe. "Kumbe imewaka!" Akanyoosha mkono.

"Usiiguse!"

"Kwa nini?"

Injini ikapunguza mlio. Ikapunguza zaidi... kama mtu anayetega sikio.

Maneno yalimfika fundi kooni. Yalikuwa machache tu.

"Ina moto," alisema.

Ikazima.

Mjane akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo.

"Mbona ya baridi, shemeji?" alinong'ona. "Ya baridi kama yeye, siku ile."

Vidole vyake vikatambaa hadi kwenye waya. Vikahesabu. Vikaipapasa ncha. Waya wake wa kuanikia nguo alifungiwa na fundi huyu huyu, mikunjo mitatu, ncha ndani, na kila asubuhi hupitisha mkono kwenye fundo lile bila kuchomwa.

Aliweka kikombe chini, akaisukuma mashine akatoka nayo. Gurudumu halikulia.

Hajarudi tena. Ila kila jua linapozama, fundi huisikia mtaa wa pili: inawaka, inanguruma, halafu inapunguza mlio...

Inasubiri.