Kastabini ya Fundi

Kila asubuhi kabla ya shule, Uzi alifagia kibanda cha baba yake na kumtungia sindano. Baba ndiye aliyempa jina hilo la utani kwa wembamba wake. Fundi huyo aliringia kazi yake: suruali aliyoishona haikufumuka, labda mvaaji anenepe.

Lakini ini lilimsumbua kwa miaka, na sasa pumzi nayo ilimpiga chenga. Akikaa kwenye cherehani, anahema. Akijilaza kwenye mkeka wa kukatia vitambaa, anatulia. Hata kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, haikumwingia tena. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba.

"Kastabini imesinyaa," baba alisema.

"Chuma kinasinyaa, baba?"

"Wewe tunga uzi."

Siku ya kliniki walifuatana. Baba alijilaza kitandani, daktari akambana kidole kwa kipimo cha oksijeni.

"Tisini na sita. Vizuri. Pumzi haikusumbui?"

"Hata kidogo, daktari. Niruhusu nikamalizie sare za watoto wa watu."

Daktari alishika kalamu. Baba alimkazia Uzi macho. Uzi akinyamaza, wangerudi nyumbani na pumzi ileile ya kubabaisha.

"Samahani, daktari. Baba akilala hana neno. Akikaa ndipo anahema. Mpime amekaa."

"Mtoto huyu ananivua nguo mchana kweupe," baba alinung'unika.

Daktari alimketisha. Tarakimu zikashuka: tisini na moja, themanini na nane, themanini na tano. Akavichunguza vile vidole.

"Ini likichoka sana, linaweza kuvuruga mishipa midogo ya damu mapafuni, na ukikaa ndipo damu inapokosa hewa zaidi," alisema. "Nilikuwa karibu kukuruhusu, fundi. Mshukuru binti yako."

Siku hiyohiyo baba alipewa oksijeni, na barua ya kwenda kwa mabingwa wa ini.

Baada ya wiki kadhaa alirudi kwenye cherehani, mtungi wa oksijeni ubavuni. Pasi ya mkaa ilihamia kwa jirani, maana oksijeni na moto haviishi nyumba moja. Kila mteja alisimuliwa habari za Uzi, hata aliyekuja kununua vifungo tu.

"Nilimficha daktari ugonjwa kama fundi mbovu anavyoficha mshono kwa pasi," baba alimwambia Uzi. "Mgonjwa amweleze daktari ukweli wote, mwanangu. Na aliyeona jambo, hata akiwa mtoto, aliseme."

Akamvika kastabini. Ilimpwaya kidogo. Uzi aliivaa mpaka shuleni, mkono akiunyoosha kwa kila swali, hata yale asiyoyajua.