Chura wa Bure kwenye Kompyuta ya Bibi

Nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja kilichogombewa na watu watatu. Kiti chenyewe kilikuwa kwenye kona ya sebule, kati ya dirisha na cherehani ya Mama, mbele ya kompyuta ya nyumbani.

Mgombea wa kwanza alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumba nzima ilimwita Chapuchapu. Jina hilo hakulipata kwa kupendelewa. Alikula haraka, aliongea haraka, na alioga haraka kiasi kwamba Mama alizoea kumsimamisha mlangoni amkague nyuma ya masikio. Wa pili alikuwa mdogo wake wa miaka saba, aliyeitwa Redio kwa sababu habari yoyote iliyoingia sikioni mwake ilitokea mdomoni papo hapo, tena kwa sauti ya juu. Wa tatu alikuwa Bibi, mama yake Mama.

Usidhani Bibi alikaa pale kutazama picha. Bibi alikuwa na darasa. Kila Jumamosi asubuhi alipangusa miwani, akafunga kitambaa kizuri kichwani, akawasha kamera na kuwafundisha watu kufuma kwa uzi wa sufu: sweta, kofia, soksi za watoto wachanga. Wanafunzi wake walikuwa wametawanyika miji mbalimbali, na wote walimwita Mwalimu. Tangu astaafu kazi yake ya ukunga, hakuna neno lililomfurahisha kama hilo.

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu, kwenye zamu ya Chapuchapu. Alitakiwa kutafuta habari za mmeng'enyo wa chakula kwa ajili ya somo la sayansi. Kabla hata chakula hakijafika tumboni, akakutana na tangazo la kijani: "Badilisha mshale wa kipanya chako uwe chura anayeruka! Bure kabisa!"

Nani angemkataa chura wa bure? Chapuchapu akabonyeza. Likafunguka dirisha lenye maandishi marefu na visanduku vidogo ambavyo tayari vilikuwa vimewekewa alama ya vema. Hakusoma hata mstari mmoja. Endelea, Endelea, Nakubali, Endelea, Maliza! Alidonoa kile kipanya kama kuku aliyemwagiwa mtama. Bahati mbaya Redio alikuwa nje anacheza mpira. Angekuwepo, Mama angejua kila kitu kabla ya chai ya jioni, na hadithi hii ingeishia hapa.

Chura alikuwa mzuri kweli. Aliruka kutoka herufi hadi herufi na kutoa macho kila alipotua. Lakini muda si muda likachomoza tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Chapuchapu akalifunga. Yakaja mawili, la viatu na la mkopo. Akayafunga. Yakaja mengine, yanacheza na muziki.

"Ni huyu chura," akajisemea. Akamtafuta chura, akamfuta, mshale wa zamani ukarudi. Akashusha pumzi. Hakujua kwamba chura hakuja peke yake. Alikuja na ukoo mzima, nao walikuwa wameshatandika mikeka.

Siku zilizofuata, matangazo yalichomoza mchana na jioni. Bibi alikuwa akipanga picha za soksi zake skrini ilipotoa maandishi ya dhahabu: HONGERA! WEWE NI MSHINDI!

"Ahsante, mwanangu," Bibi akaijibu skrini, "ila sikumbuki kushindana."

Chini yake kukatokea swali: "Je, unaturuhusu tukutumie taarifa?" Vitufe vilikuwa viwili, Ruhusu na Zuia. Bibi akabonyeza Ruhusu.

Mama, aliyekuwa anashona upande wa pili, akasimamisha cherehani. "Mama! Mbona umeruhusu?"

"Si ameomba ruhusa?"

"Sasa kila anayeomba anapewa?"

"Ameomba kwa adabu. Mtu akiniomba kwa adabu nimtolee macho? Mimi nimelelewa."

Kwa adabu hiyohiyo, Bibi alikuwa amewaruhusu wote waliowahi kuomba. Chapuchapu alisikia, akainamisha kichwa kwenye daftari, akaendelea kuandika habari za utumbo mwembamba.

Ikafika Jumamosi. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameinua sindano zake mbele ya kamera, kikasikika king'ora kikali. Skrini ikawa nyekundu: KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI! PIGA NAMBA HII SASA HIVI! Bibi akaruka, akashika simu.

"Usipige!" Mama akaidaka simu. "Hao ndio wenyewe wanaotafuta pesa zako!"

Akalifunga lile dirisha jekundu, nyuso za wanafunzi zikarudi. Mwanamke mmoja akakohoa.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa kelele."

"Si neno. Nilitaka kuuliza juu ya ule ujumbe ulionitumia jana."

"Ujumbe gani?"

"Ule wa dawa ya kupunguza tumbo. Nilijitazama kwenye kioo, Mwalimu. Nikamuuliza na mume wangu. Akasema tumbo langu halina tatizo."

"Hata mimi nimetumiwa!" akasema mwingine.

"Na mimi! Tena mimi nimejifungua juzi, Mwalimu. Ungenionea huruma kidogo."

Walisema kwa kucheka, lakini Bibi hakucheka. Ujumbe ule ulitoka kwenye barua pepe yake, una jina lake, na yeye hakuwahi kuuandika. Aliwaomba radhi, akafunga darasa kabla ya wakati. Kisha akaanza kukusanya mabunda ya uzi, moja moja, na kuyatia kapuni.

Mama akampigia simu Mjomba, mdogo wake, ambaye ni fundi wa kompyuta. Mjomba akasema atafika mchana.

"Aje amtengenezee mwingine," akasema Bibi. "Mimi na mashine hii basi. Nimewaruhusu wahuni, wameingia, wamewatukana wanafunzi wangu kwa jina langu. Chapuchapu, wewe mwenye vidole vyepesi, chukua simu ya mama yako uniandikie maneno ya kuwaaga."

Chapuchapu akachukua simu. Bibi akakaa vizuri, akatazama dari, akaanza kusema polepole, naye Chapuchapu akaandika:

"Wapendwa wanafunzi wangu. Nawaomba radhi kwa habari ya matumbo. Matumbo yenu ni mazuri. Mimi ni mzee, na mashine hizi zimenishinda. Kosa ni langu peke yangu. Darasa letu linaishia leo. Mkifika kwenye kisigino cha soksi, msikate tamaa, kinasumbua watu wote. Ni mimi, Mwalimu wenu."

Akashusha macho kutoka darini. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, tuma."

Kidole gumba cha Chapuchapu kilisogea mpaka karibu na kitufe, kikabaki hapo hewani. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye maneno mawili: peke yangu.

"Vipi, simu imezima?" Bibi akauliza.

"Hapana, Bibi. Siwezi kutuma."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli." "Kosa si lako. Ni mimi. Jumatatu nilipakua chura."

"Ulipakua nini?"

"Chura wa kuruka kwenye skrini. Alikuwa wa bure. Nikabonyeza Nakubali bila kusoma, matangazo yakaanza siku hiyohiyo. Nilimfuta nikadhani yameisha. Halafu nikaona mnasema ni Bibi, nikanyamaza." Machozi yakamtoka, nayo haraka kama kila kitu chake.

Nyuma ya pazia kukawa na mtikisiko. "MAMA!" ikasikika sauti kubwa. "MAMA! CHAPUCHAPU KALETA CHURA NDANI YA KOMPYUTA!"

Mama akaingia na futi yake ya kupimia ikiwa shingoni. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu.

"Umemwona bibi yako anafungasha uzi wake, ukakaa kimya?"

"Niliogopa, Mama."

"Kuogopa nakuelewa. Lakini mwenzako alikuwa anabeba mzigo wako kichwani, na wewe unamtazama tu."

Chapuchapu akapiga magoti mbele ya Bibi. "Nisamehe, Bibi."

Bibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Chapuchapu alipoinua uso akakuta ni kicheko.

"Kumbe tulikuwa wawili!" akasema Bibi. "Wewe uliwafungulia mlango, mimi nikawapa viti! Futa hayo maneno, mjukuu wangu. Kuaga kumeahirishwa. Na wewe Redio, toka huko kwenye pazia, utalichana."

Mjomba alipofika na mkoba wake, hata hakubisha hodi. "Nimeambiwa kuna chura!"

"Nani kakwambia?" Mama akashangaa.

"Kuna mtangazaji amekaa getini."

Chapuchapu akamweleza Mjomba yote: siku gani, tangazo la rangi gani, alibonyeza nini. Mjomba akatikisa kichwa kwa furaha.

"Umenipunguzia kazi, mpwa wangu. Wateja wangu wote huniambia, 'Imeanza yenyewe tu, fundi.' Kukisia huko kunanipotezea siku nzima. Haya, kaa kwenye kiti. Wewe ndiye fundi leo, mimi nakusimamia. Ila hapa tunasoma kwanza, ndipo tunabonyeza."

Kwanza akamwambia akate intaneti. "Humu ndani kuna programu ya kupeleleza. Inachungulia mnachofanya na kupeleka habari nje. Ikikosa njia ya kuzipeleka, inakuwa kama Redio akiwa na chakula mdomoni."

"Mimi naweza kuongea na chakula mdomoni," akasema Redio.

"Tunajua," wakajibu wote.

Kisha wakafungua orodha ya programu na kuzipanga kwa siku zilipoingia. Pale kwenye Jumatatu kulikuwa na wageni watatu wasiojulikana: mmoja alijiita Msaidizi, mwingine Kiongeza Kasi, mwingine Mtafuta Bei.

"Hawa ndio waliokuwa kwenye vile visanduku ambavyo hukuvisoma," akasema Mjomba. "Ulipomfuta chura, wao walikaa."

Chapuchapu alisoma kila jina kwa sauti, akawaondoa mmoja baada ya mwingine. Wakaingia kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, wakaondoa vijiprogramu vilivyojibandika humo. Halafu Mjomba akafungua ukurasa wa tovuti zilizoruhusiwa kutuma taarifa. Orodha ikashuka, ikashuka, haikuisha.

"Lo, Mama! Umekaribisha mji mzima!"

"Waliomba vizuri," Bibi akajitetea.

"Basi wewe mwenyewe uwatoe."

Bibi akavuta kiti. "Samahani, mwanangu," akasema, akabonyeza Zuia. "Na wewe pia, samahani. Zuia. Wewe wa nywele, mimi ninazo. Zuia. Wewe wa matumbo, njoo hapa, nilikuwa nakutafuta. Zuia!" Hilo la mwisho alilibonyeza kwa nguvu mpaka meza ikatikisika, na Mama akacheka hadi akakaa chini.

Mwisho Mjomba akachomeka flashi yenye kizuia virusi, kikakagua kompyuta yote. Chai ilinywewa ikaisha kabla ya ukaguzi kwisha. Kikamnasa mmoja aliyebaki amejificha.

"Huyu alikuwa anaandika kila herufi mliyobonyeza," Mjomba akaeleza. "Ndivyo alivyopata nywila, yaani neno la siri, la barua pepe ya Bibi na kuitumia kuwasumbua wanafunzi wake. Sasa tunamwondoa, tunarudisha intaneti, tunaboresha mfumo wa kompyuta, halafu mnabadilisha nywila zote. Na ya barua pepe isifanane na nyingine yoyote."

Kabla nywila mpya haijatajwa, Redio alitolewa nje, na dirisha likafungwa.

Jumamosi iliyofuata darasa lilijaa. Bibi aliwaeleza wanafunzi kilichotokea, wakapumua wenye matumbo. Mzee mmoja, dereva wa lori aliyekuwa anafuma kofia ya mjukuu wake, akainua mkono.

"Mwalimu, hata kompyuta yangu hunipongeza kila siku. Nimeshashinda magari mengi sana, na bado naendesha la bosi."

Darasa zima likacheka. Bibi akamvuta Chapuchapu mbele ya kamera. "Mwulizeni huyu. Alikuwepo tangu mwanzo."

Chapuchapu akaeleza taratibu: programu ipakuliwe kwa wenyewe walioitengeneza, kila kisanduku kisomwe, tangazo la kutisha lisipigiwe simu, na mtu asiyejua aulize kwanza.

"Na nani aliiharibu kompyuta ya Mwalimu?" akauliza yule dereva.

Mtu angeweza kusema ni virusi, na hakuna ambaye angebisha.

"Mimi," akasema Chapuchapu. "Nilibonyeza bila kusoma, halafu nikanyamaza."

Bibi akamwekea mkono begani. "Mmemsikia. Kubonyeza bila kusoma ni kosa, na fundi amelisahihisha kwa mchana mmoja. Kunyamaza mwingine akilaumiwa ni kosa kubwa zaidi, na hilo hakuna fundi angeweza kunisahihishia ila yeye mwenyewe. Angechelewa kidogo tu kusema ukweli, leo msingekuwa na mwalimu. Kwa hiyo ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo, na aliyelibeba kwa ajili yako umtue mzigo wake." Akazishika sindano. "Haya, maneno yametosha. Nani amemaliza mkono wa kushoto wa sweta?"

Mikono ikainuka skrini nzima, na uzi wa rangi zote ukining'inia.