Mwangaluka ya Jioni

Alhamisi, saa moja asubuhi, Inspekta Rehana alifika Kimali akakuta nyumba ya Nyanjige imebaki kuta. Mabati yalikuwa yamejikunja chini na majivu bado yalifuka moshi. Nyanjige, mgombea udiwani, alikuwa mkutanoni moto ulipowashwa. Aliyeungua ni mama yake, Kabula, mikono yote miwili, na alikuwa amekimbizwa hospitali Bariadi.

Vijana watatu walikamatwa na dumu lao la petroli. Hawakukana.

"Tumesikia redioni anauza malisho yetu," mmoja alisema, bila hata haya.

Kwa hiyo waliowasha moto walijulikana. Rehana alimtaka aliyewasha hao vijana.

Maneno yenyewe yalirushwa Jumatano saa kumi na mbili jioni na Redio Mbiu ya Bariadi. Sauti ilikuwa ya Nyanjige, akianza kwa salamu ya Kisukuma kwa kina baba na kina mama: "Mwangaluka, bhabha na mayu. Malisho ya Kimali tuyauze." Mhariri wa habari, Bundala, aliongezea kwa mbwembwe kwamba ilirekodiwa Jumanne saa kumi na moja jioni, kwenye kikao cha siri na wawekezaji.

Saa nane mchana Rehana alimkuta Nyanjige amekaa kwenye benchi nje ya wodi.

"Mwadila, mayu," Rehana alimsalimu.

"Mwadila, afande." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama hataki kuniona. Anasema aliyeuza malisho ya ng'ombe wa baba yake asimguse."

"Sauti ni yako?"

"Ni yangu, ndiyo inayoniua. Wiki mbili zilizopita hao hao Redio Mbiu walinihoji studio, asubuhi. Nikasema, wapo wanaosema malisho ya Kimali tuyauze, mimi siko nao. Hayo mahojiano hawajayarusha mpaka leo. Afande, udiwani wachukue. Mimi namtaka mama yangu."

Saa tisa Rehana alikuwa ofisini kwa Bundala. Kofia ya chama kinachompinga Nyanjige ilining'inia ukutani juu ya kiti chake, na hakuona sababu ya kuificha.

"Hiyo sauti uliipata wapi?"

"Nilitumiwa kwenye simu, pamoja na siku na saa ya kikao. Namba siijui, na sasa haipatikani."

"Ulimpigia Nyanjige kumuuliza?"

"Nimpigie ya nini? Watu wa chama kile hukana kila kitu."

"Na mahojiano yake ya asubuhi?"

"Niliamuru yafutwe. Yalikuwa yanampamba tu. Aliyafuta Jabiri, fundi mitambo. Huyo ndiye wa kukamata, mashine zote anazo yeye."

Jabiri aliletwa, jasho likimtoka.

"Nilifuta, afande, wallahi. Ila watangazaji wengine hubaki na nakala kwenye simu zao. Mimi nimekuja kutoka Tanga mwezi wa pili. Kisukuma sijui hata kuomba maji."

Rehana alisikiliza ile sauti mara tatu. Kisha akamwita Muzdalifa, mtangazaji aliyefanya mahojiano.

"Mgeni wako alisalimia dakika ya ngapi ya kipindi?"

"Mwanzo kabisa, kama wageni wote."

"Na swali la malisho?"

"La mwisho. Kama dakika ya ishirini na mbili hivi." Muzdalifa akaanza kukunja ncha ya mtandio wake.

Rehana alifunga mlango, wote watatu wakiwa ndani.

"Bundala, kwenu wapi?"

"Nyalikungu, Maswa."

"Nyalikungu wanasalimiana mwangaluka saa kumi na moja jioni?"

Bundala aligeukia dirisha.

"Mimi si Msukuma, ni binti wa muuza duka wa Somanda hapa Bariadi," Rehana alisema, "na najua mwangaluka ni ya asubuhi. Jua likipanda ni mwadila. Wewe Msukuma hukuisikia?"

"Niliisikia. Nikadhani amejisahau." Alitazama meza. "Habari ilikuwa tamu mno, afande."

"Tamu kwako. Sasa sikilizeni. Salamu na malisho vilikuwa mbali, dakika ishirini na zaidi. Mtu aliifuata salamu huko mwanzo akaibandika kwenye maneno ya malisho. Jabiri asingehangaika nayo, haijui. Anayetaka uongo wake ufaulu angeiacha huko huko. Aliyeibandika aliijua, na alitaka ishtukiwe. Muzdalifa, simu unayorekodia mahojiano yako iko wapi?"

Msichana aliiweka mezani. Mahojiano yote yalikuwemo.

"Ulikuwa mtego," alisema, akimtazama Bundala kwa chuki tupu. "Miezi minane anachana habari zangu. Chochote kibaya cha upande ule anarusha bila kuuliza. Niliiweka salamu makusudi. Mtu yeyote wa hapa angeishtukia!"

"Hakuishtukia. Na ulisikia ikirushwa. Mbona hukusema?"

"Ingerudiwa saa mbili. Nilitaka airushe mara mbili, ndipo nimuumbue."

"Nyumba iliwashwa saa moja na nusu."

Muzdalifa alinyoosha mikono mwenyewe, akafungwa pingu.

Bundala alishusha pumzi, akaanza kutabasamu. "Basi redio haina kosa. Kanusho tutaliweka kesho, kwenye michezo."

Rehana alitamani kumzaba kibao. "Utalisoma leo, saa kumi na mbili, wewe mwenyewe, na maneno ya Nyanjige utayarusha yote. Ukimaliza unanifuata kituoni. Mwenzako alitunga uongo. Wewe uliupeleka Kimali."

Saa kumi na mbili muuguzi aliongeza sauti ya redio wodini. Nyanjige alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Mwadila, bhabha na mayu," Bundala alianza. Akasoma kanusho. Kisha ikasikika sauti ya mgombea: "Wapo wanaosema malisho ya Kimali tuyauze. Mimi siko nao."

Kabula alilala chali, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Mwishowe aligeuza uso mlangoni.

"Nyanjige. Njoo."

Nyanjige alipiga magoti kando ya kitanda. Hapakuwa na mkono wa kushika, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya mama yake.

"Mama, nimekusalimu miaka arobaini. Lini nilikwambia mwangaluka jioni?"

"Niliisikia, mwanangu," Kabula alisema, machozi yakimtiririka na hana wa kumfuta. "Niliisikia vizuri. Ila nilikuwa nimeshakasirika."